Namna ya Kuchagua Programu za Kuendeshea Biashara Changa

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa bei, chukua karatasi uandike safari ya oda moja, tangu mteja anapouliza bei hadi fedha zinapoingia na hesabu kufungwa. Andika kila hatua inavyofanyika kweli, si vile ungependa ifanyike. Mathalani: mteja anatuma ujumbe WhatsApp, mtu wa mauzo anamtajia bei, jina na namba vinaandikwa daftarini, ankara inatengenezwa kwenye Word kwa kufuta jina la mteja wa jana, mteja analipa nusu, mzigo unatoka, nusu ya pili inasubiriwa. Kando ya kila hatua jaza mambo matatu: kinaandikwa nini, anaandika nani, na kinakaa wapi.

Ukimaliza, pitia karatasi hiyo ukitafuta mahali pa aina mbili. Kwanza, pale kitu kilekile kinapoandikwa mara mbili: jina la mteja liko kwenye simu, kwenye daftari na kwenye ankara, na kila pahali lina herufi zake. Pili, pale swali la kawaida linapokosa jibu: nani bado anadaiwa, stoo imebaki nini, nani aliahidi kumpigia mteja huyu. Hapo ndipo panapohitaji programu. Kwingine paache palivyo, hata kama panaonekana pa kizamani. Daftari linalojibu swali kwa sekunde kumi halina ubaya wowote.

Karatasi hiyo itakusaidia pia kuweka kanuni moja itakayokuokoa baadaye: kila aina ya taarifa iwe na makao mamoja. Wateja wakae sehemu moja, fedha sehemu moja, bidhaa sehemu moja, na programu nyingine zisome kutoka huko. Namba ya mteja ikibadilika, hata mfanyakazi aliyeajiriwa jana ajue bila kuuliza ni wapi pa kuirekebisha. Ukikuta programu mbili zote zinataka kuwa makao ya wateja, chagua moja sasa; ukiziacha zote, baada ya miezi sita utakuwa na orodha mbili zisizofanana na hakuna atakayejua ipi ya kweli.

Domeni na barua pepe vitangulie

Jina la tovuti, yaani domeni, na barua pepe vinatangulia kila kitu kwa sababu ndivyo funguo za programu zote zitakazofuata. Ukisahau nenosiri la programu ya uhasibu, kiungo cha kulibadilisha kinakuja kwenye barua pepe. Aliyeshika barua pepe ameshika biashara, na aliyeshika domeni ameshika barua pepe.

Kwa hiyo domeni isajiliwe kwenye akaunti ya biashara yenyewe, si kwenye akaunti ya fundi wa tovuti. Mafundi wengi husajili kwa jina lao kwa nia njema tu, ili kazi iende haraka. Tatizo linajitokeza siku mnapoachana. Washa malipo ya kujirudia, na kwa msajili wa domeni weka barua pepe ya mawasiliano iliyo nje ya domeni hiyo. Wengi hulisahau hili: domeni ikiisha muda, barua pepe zake zinakatika, na onyo la kwamba imeisha linatumwa kwenye sanduku ambalo halipokei tena. Kwa majina ya .com, baada ya muda kuisha kuna kipindi cha nyongeza kinachotegemea msajili na kisichozidi siku 45, halafu siku 30 ambazo kulirudisha jina kunagharimu ada kubwa, halafu siku 5, na baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua.

Ukishafungua barua pepe za biashara, iwe Google Workspace, Microsoft 365, Zoho Mail au nyingine, usiishie kwenye kutuma na kupokea. Ingia kwenye mipangilio ya DNS ya domeni yako, yaani orodha inayoelekeza domeni kwenye kompyuta zinazoihudumia (seva), uweke rekodi tatu: SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, inayoweka sahihi kwenye kila barua, na DMARC, inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimekaza masharti. Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwenye Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC. Biashara changa haitumi barua nyingi hivyo, lakini ziweke zote tatu. Ankara inayoangukia kwenye barua taka ni deni litakalochelewa kulipwa, na mteja anayesema hajaiona anaweza kuwa anasema kweli.

Makosa ya hapa yanajulikana. Rekodi ya SPF ni mstari mmoja wa aina ya TXT unaoanza na v=spf1, na domeni moja inaruhusiwa kuwa na mmoja tu. Ukinunua programu ya ankara, maelekezo yake yatakuambia uongeze SPF. Watu huweka mstari wa pili, na papo hapo yote miwili inakuwa batili. Ongeza jina la mtumaji mpya ndani ya mstari uliopo. Mstari huo pia hauruhusiwi kusababisha utafutaji wa DNS zaidi ya mara 10, na programu tatu nne zinazotuma barua kwa niaba yako zinaweza kuumaliza ukomo huo. Kwa DMARC anza na p=none (barua isiyopita isichukuliwe hatua) na uweke anwani ya kupokea ripoti. Soma ripoti hizo kwa wiki mbili tatu ujue ni programu gani zako zinatuma bila kupita, zirekebishe, ndipo upande hadi quarantine (iende kwenye barua taka) na mwishowe reject (ikataliwe). Anayeruka moja kwa moja hadi reject huzuia barua zake mwenyewe.

Lahajedwali linatosha hadi lini

Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets inaweza kuibeba biashara changa kwa muda mrefu kuliko wauza programu wanavyopenda kukiri. Ukubwa si tatizo la wengi: faili la .xlsx linabeba mistari 1,048,576. Lile la zamani la .xls linaishia mistari 65,536, na kilichozidi kinaachwa nje. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliacha kesi 15,841 za Uviko-19 nje ya takwimu zake kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakijazwa kwenye mafaili ya .xls. Kama una faili la aina hiyo lililorithiwa, lihifadhi upya kwa .xlsx leo.

Kinachoharibu lahajedwali la biashara ndogo huja mapema zaidi, nacho ni ile tabia ya Excel ya kujifanya imeelewa ulichoandika. Namba ya simu inayoanza na sifuri, ikifunguliwa kutoka faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye data iliyotenganishwa kwa mkato, hupoteza sifuri yake. Namba ya muamala yenye tarakimu 18 hubaki na 15 za mwanzo, na tatu za mwisho hugeuka sifuri, mara nyingi bila onyo. Ukija kuilinganisha na taarifa ya benki huipati. Msimbo wa bidhaa 3E5 unakuwa 300000. Tarehe 03/04 ni Machi kwenye kompyuta moja na Aprili kwenye nyingine.

Dawa yake ni kutofungua CSV kwa kuibofya mara mbili. Fungua lahajedwali tupu, tumia njia ya kuleta data kutoka faili la maandishi, na kabla ya kukubali weka safu za simu, miamala na misimbo ziwe maandishi, si namba. Chagua usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-8, vinginevyo majina yenye herufi zenye alama yatakuja yameharibika. Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03. Mpangilio huo hausomeki kwa njia mbili, na ukizipanga kialfabeti zinajipanga pia kwa wakati.

Muda wa kuhama umefika pale watu wawili wanapohitaji kuandika kwa wakati mmoja na faili limeanza kuzaa nakala zenye majina kama “mauzo mwisho kabisa 2”, au pale hakuna awezaye kusema nani alibadili bei na lini. Kabla ya hapo, hamahama ni gharama tu.

Uhasibu

Programu ya uhasibu ndiyo ghali kuliko zote kuibadilisha, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko nyingine. Muulize kwanza mhasibu atakayefunga hesabu zako anazifahamu zipi. Anayelazimika kujifunza programu mpya kwa ajili yako atakutoza saa hizo. Kisha ulizia mamlaka ya kodi ya nchi yako inataka ankara na ripoti kwa umbo gani, na kama inahitaji mashine au mfumo wake wa risiti za kielektroniki, basi programu isiyoungana nao ondoa kwenye orodha, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kati ya zilizobaki, angalia tabia nne. Iandike kila muamala pande mbili, fedha zinakotoka na zinakokwenda, utaratibu ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 na mpaka leo haujapata mrithi. Ankara iliyokwisha kutumwa isifutike. Irekebishwe kwa hati nyingine, na zote mbili zibaki kwenye kumbukumbu. Mwezi ukifungwa ufungwe kweli, asiweze mtu kurudi nyuma akaongeza gharama ya Januari wakati wa Juni. Na ipokee taarifa ya benki kwa CSV ili kulinganisha kusiwe kazi ya macho.

Jaribio moja dogo linatenganisha programu nzuri na mbaya. Mteja analipa ankara ya 10,000 kwa njia ya mtandao, mtoa huduma wa malipo anakata 300, benki inapokea 9,700. Jaribu kuuandika muamala huo. Programu inayofaa itakubali mauzo ya 10,000 na gharama ya 300, na ankara itafungika. Ikikulazimisha uandike mauzo ya 9,700, ankara itabaki na deni la 300 ambalo mteja hadaiwi, mtamtumia kikumbusho, naye atakasirika kwa haki. Mwisho wa mwaka mauzo yako yatakuwa pungufu kwa jumla ya makato yote.

Kuhusu majina: GnuCash ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako na inafuata uandishi wa pande mbili kikamilifu, ila haikubali watu wawili kuandika kwa wakati mmoja. ERPNext ni programu huria, yaani ya wazi na isiyolipiwa leseni, yenye uhasibu, stoo na mauzo pamoja, lakini inataka seva na mtu wa kuitunza. Kama huna mtu huyo, “bure” yake ni ya jina tu. Odoo ina toleo huria pia, ila uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wameshaingiza bidhaa zote. QuickBooks, Xero na Zoho Books hulipiwa kwa mwezi na hazihitaji fundi. Hakikisha tu kwamba zinatambua kodi na sarafu ya nchi unayofanyia kazi.

Bei halisi

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mtumiaji mmoja kwa mwezi, na mara nyingi kwa sharti la kulipia mwaka mzima. Zidisha mwenyewe. Kifurushi cha 8 kwa kila mtu, mkiwa 6, ni 576 kwa mwaka. Lakini mmoja wenu anahitaji ripoti iliyoko kwenye kifurushi cha 18, na programu nyingi haziruhusu kuchanganya vifurushi ndani ya akaunti moja. Nyote mnapanda na bili inakuwa 1,296. Uliza swali hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Programu za kuunganisha programu nyingine hutoza kwa kazi zinazofanyika. Mtiririko wenye hatua 4 ukiendeshwa mara 50 kwa siku ni kazi 6,000 kwa siku 30, na kifurushi kilichoonekana kikubwa kinaisha katikati ya mwezi. Programu za kutuma barua kwa wateja mara nyingi hutoza kwa idadi ya anwani zilizohifadhiwa, hata za watu waliojitoa zamani; zisafishe. Punguzo la kulipia mwaka liache mpaka programu imetumika miezi mitatu.

Vifurushi vya bure visomwe sehemu ya vizuizi, si sehemu ya sifa. Slack, programu ya mazungumzo ya timu, kwa kifurushi cha bure inaonyesha mazungumzo ya siku 90 zilizopita tu, kwa hiyo makubaliano ya bei mliyofanya humo Januari hamtayaona Juni. Rahisi ghali.

Kuijaribu mpaka itoe kasoro

Usijaribu zaidi ya programu tatu kwa kazi moja, na usizijaribu kwa data ya mfano wanayokuwekea wao, maana hiyo imepangwa ipendeze. Ingiza wateja wako halisi 50 na oda kumi za kweli, na kati ya hizo iwepo iliyoghairiwa, iliyolipwa nusu, na ambayo mzigo wake ulirudishwa. Oda iliyorudishwa ndiyo inayoziumbua programu nyingi. Kazi hiyo aifanye mtu atakayeitumia kila siku, kwenye simu au kompyuta yake mwenyewe, na mara moja afanye intaneti ikiwa dhaifu: je, alichoandika kinabaki kikisubiri mtandao, au kinapotea? Siku ya kwanza tuma swali kwa huduma kwa wateja uone linajibiwa lini na kama anayejibu amelisoma.

Kisha fanya jaribio ambalo karibu hakuna anayelifanya: toa data yako yote. Tafuta kitufe cha kuitoa, pakua, fungua. Hesabu mistari, wateja 50 watoke 50. Angalia kama safu ulizoziongeza mwenyewe zimo, kama maoni na viambatisho vimetoka au ni majina yake tu, na kama kila oda bado ina namba inayoiunganisha na mteja wake. Bila namba hiyo una orodha mbili zisizojuana. Faili la PDF si kutoa data; ni picha ya data. Kama kuitoa kunahitaji kuomba kwa barua au kupanda kifurushi, chagua nyingine.

Umuhimu wa mlango huo unaonekana programu inapofungwa. Wunderlist, programu ya orodha za kazi iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ilizimwa Mei 2020. Skype ilizimwa Mei 2025. Bench, iliyokuwa ikitunza vitabu vya biashara ndogo, ilitangaza kusimama ghafla tarehe 27 Desemba 2024, siku chache kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa. Ilipata mnunuzi muda mfupi baadaye, lakini wateja wake walikuwa wameshaanza kutafuta vitabu vyao.

Nani ameshika funguo

Akaunti zote zifunguliwe kwa anwani ya kazi, kama hesabu@ au mifumo@, si kwa barua pepe binafsi ya aliyekuwa karibu na kompyuta siku hiyo. Kila programu muhimu iwe na wasimamizi wawili. Manenosiri yakae kwenye programu ya manenosiri kama Bitwarden, KeePassXC au 1Password, na nenosiri kuu liwe refu hasa: mwaka 2022 wezi waliondoka na nakala za hifadhi za manenosiri za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hiyo, na kilichomlinda kila mteja baada ya hapo ni ugumu wa nenosiri lake kuu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kuzalisha namba kuliko kwa SMS, na namba za dharura unazopewa zichapishe uzifungie mahali. Simu ikipotea, hizo ndizo zitakazokuingiza.

Mfanyakazi akiondoka, usifute akaunti yake siku hiyo. Ifunge kwanza, hamisha mafaili yake kwa mwingine, ndipo uifute. Google Workspace humpa msimamizi siku 20 za kurudisha akaunti iliyofutwa, na baada ya hapo hairudi.

Bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, nayo usimwachie mwenye programu. Folda inayojisawazisha mtandaoni si bekapu: faili likiharibika kwenye kompyuta, linaharibika na kule. Kila mwezi toa data ya wateja na ya fedha, uiweke nje ya akaunti ileile. Mwaka 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti ya AWS (huduma ya seva za kukodi ya Amazon) ya Code Spaces, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, akafuta data pamoja na bekapu zilizokuwa humohumo, na kampuni ikafunga. Kila robo mwaka chukua nakala moja ujaribu kuirudisha. GitLab, kampuni nyingine ya aina hiyo, tarehe 31 Januari 2017 ilikuwa na njia tano za bekapu wakati mhandisi alipofuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya takriban GB 300. Bekapu ya kila siku ilikuwa imekwama kimya kwa sababu matoleo ya programu hayakulingana, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani kwa sababu ya DMARC. Kilichowaokoa ni nakala yenye umri wa takriban saa 6 iliyokuwepo kwa bahati tu.

Vinavyoweza kusubiri, na namna ya kuacha

Mfumo wa kufuatilia wateja unahitajika wanaouza wakizidi mmoja, au wateja wanaozungumziwa kwa wakati mmoja wakiwa wengi kuliko kumbukumbu ya mtu. Ubao wa kazi kama Trello unatosha timu ndogo. Mifumo mikubwa ya miradi hula saa nyingi kwa kujazwa tu. Programu za kuunganisha mitiririko ziongezwe baada ya kazi hiyohiyo kufanywa kwa mkono mpaka kila mtu anaijua, kwa sababu utaratibu mbovu ukiendeshwa na mashine unakosea kwa kasi.

Weka orodha ya programu zote kwenye lahajedwali moja: jina, kazi yake, msimamizi, kadi inayolipia, tarehe ya kulipa, na mara ya mwisho data kutolewa. Ipitie kila miezi mitatu. Inayoonekana haijatumika ifungwe kwa mpangilio huu: toa data na uifungue kuhakikisha imekamilika, pakua ankara zote ulizolipa, maana mhasibu atazitaka na akaunti ikifungwa hazipatikani, tenganisha programu nyingine zilizoungana nayo, toa jina la mtumaji huyo kwenye mstari wa SPF, ghairi malipo ndani ya programu yenyewe, si kwa kuzuia kadi benki tu, kwa sababu deni linaweza kuendelea kuhesabika, hifadhi barua ya kuthibitisha kughairi. Mwezi unaofuata fungua taarifa ya kadi uone kama wamekata tena.